Ubingwa wa besiboli: nani ana timu ya kuwavua Dodgers taji, na uwanja wa nyumbani unamsaidia au unamponza?

#1 Kigongo (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Dodgers wa Los Angeles wamechukua ubingwa wa ligi kuu ya Marekani (MLB) 2024, wakachukua na 2025. Tangu Yankees wa 1998 hadi 2000 hapakuwa na timu iliyotetea taji. Naomba tujadili mawili kwa pamoja, maana kila siku yanajadiliwa kila moja kivyake: nani ana timu ya kuwatoa, na uwanja anaochezea nyumbani unachangia nini.

Msimamo wangu ni huu. Uwanja unaunda timu ya msimu, kwa sababu michezo 81 kati ya 162 inachezwa hapo. Lakini ikifika Oktoba, timu iliyojengwa kwa ajili ya ukuta wake inakamatika. Tazameni World Series (fainali ya ubingwa) ya 2025: michezo saba, mwenyeji kashinda miwili tu. Toronto (Blue Jays) walishinda wa kwanza kwao 11-4, Dodgers wakashinda wa tatu kwao kwa iningi 18 (iningi ni zamu ya kila timu kupiga, kawaida ni tisa), mitano iliyobaki yote ilikwenda kwa mgeni. Mwaka 2019 ilikuwa zaidi ya hapo. Washington na Houston walicheza michezo saba, na mwenyeji hakushinda hata mmoja.

Wagombea wangu kwa mpangilio: Dodgers, Blue Jays, Mariners (Seattle), Phillies (Philadelphia), Yankees (New York). Leteni hoja na namba.

#2 Mama Ubao

Mtoa mada, nakubaliana nawe nusu. Mwenyeji hakushinda michezo mingi, sawa, ila mchezo wa sita uwanja wenyewe ndio ulioamua.

Turudi tarehe 31 Oktoba 2025, Rogers Centre, uwanja wa Toronto, nusu ya pili ya iningi ya tisa, Dodgers wanaongoza 3-1. Sasaki, mrushaji wa Dodgers, kamgonga Kirk wa Toronto kwa mpira, Straw kaingia kukimbia badala yake. Barger akapiga mpira mrefu kati ya kushoto na katikati, ukaenda kukwama chini kabisa ya ukuta, pale pedi inapokutana na ardhi. Justin Dean, mlinzi wa nje wa Dodgers, alifika akauona umenasa, hakuugusa, akanyanyua mikono juu. Waamuzi wakatoa dabo ya kanuni: mpigaji besi ya pili, mkimbiaji aliyetoka ya kwanza anaishia ya tatu. Pointi ya Straw ikafutika.

Ule mpira ungedunda kwenye pedi na kurudi uwanjani, ni 3-2, hakuna auti (mtu aliyetolewa; watatu wakitolewa zamu inaisha), na Barger yuko mbali. Badala yake akaingia Glasnow kurusha. Clement kapiga juu, auti. Giménez kapiga mpira mfupi kushoto, Kiké Hernández kaja mbio akaudaka, akamrushia Rojas kwenye besi ya pili, Barger kashachelewa kurudi. Mchezo umekwisha hapo.

Kwa hiyo usiseme uwanja hauna neno Oktoba. Neno lake linakuja mara moja, na likija halirudishwi.

#3 Nguzo ya Faulo

Mama Ubao umenikumbusha jambo ambalo wengi hawalijui: kile kitendo cha Dean kunyanyua mikono ndicho walinzi wa nje wanachofundishwa kabla ya kucheza Wrigley Field, uwanja wa Cubs wa Chicago.

Ukuta wa matofali wa Wrigley umefunikwa na majani yanayotambaa, yalipandwa 1937. Mpira ukizama humo na kunasa, ni dabo. Ila mlinzi lazima anyanyue mikono na kuacha kabisa kuutafuta. Akiingiza mkono kwenye majani akaanza kuchokonoa, anaonyesha kwamba mpira unachezeka, na wakimbiaji wanaendelea. Kosa la wageni ni hilo: wanaona mpira unachungulia, wanajaribu kuuvuta, haukamatiki vizuri, mpigaji anafika ya tatu. Mwanzo wa msimu majani hayajachipua, mpira unagonga tofali tupu na kurudi kwa nguvu mpaka karibu na uwanja wa ndani. Hapo mlinzi anatakiwa asimame mbali zaidi na ukuta. Uwanja uleule, lakini Aprili na Julai unachezwa kwa namna mbili.

Halafu kuna upepo wa Ziwa Michigan. Ukitoka kaskazini-mashariki, yaani ziwani kuelekea kwa mpigaji, mpira wa juu unaokwenda vizuri unakufa mikononi mwa mlinzi. Ukitoka kusini-magharibi, mpira wa kawaida unavuka. Ndiyo maana huwezi kuwasoma wapigaji wa Cubs kwa wastani wa msimu peke yake. Waliomaliza 92-70 (ushindi 92, kushindwa 70) mwaka 2025 wanastahili kuwa kwenye orodha yako, mtoa mada, umewasahau.

#4 Lugazi Kwetu

Watu wa Nairobi mtaelewa haraka suala la Coors Field, uwanja wa Rockies wa Denver, kwa sababu Nairobi iko juu kuliko Denver. Denver ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Nairobi inakaribia 1,800. Pale Coors kuna mstari mmoja wa viti vya zambarau juu kabisa, unaonyesha futi 5,280, maili moja kamili.

Hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya pwani. Matokeo yake ni mawili, na watu wengi wanalitaja moja tu. Kwanza, mpira unaokwenda futi 400 usawa wa bahari pale unaweza kupita 420. Pili, na hili ndilo linalowaua warushaji: mpira wa kupinda haupindi vya kutosha. Mzunguko wa mpira unahitaji hewa ya kusukuma, na hewa ikipungua, kupinda kunapungua kwa karibu kiwango hichohicho. Mrushaji anautoa mkononi vizuri, unafika katikati ya eneo la straiki (pale mpigaji anapoweza kuupiga vizuri) umenyooka.

Wajenzi walijua mpira utaruka, wakasogeza kuta nyuma: futi 347 kushoto, 415 katikati, 350 kulia. Kwa kufanya hivyo wakazaa tatizo jingine. Uwanja wa nje ukawa mpana mno, walinzi watatu hawaufuniki, kwa hiyo mipira ya kawaida inadondoka mbele yao na kati yao. Coors si uwanja wa homurani (pigo linalomfikisha mpigaji nyumbani, mara nyingi kwa kuvuka ukuta) peke yake, ni uwanja wa mapigo ya kila aina.

Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 pale msimu mmoja. Mwaka 2002 wakaanza kuhifadhi mipira kwenye chumba cha unyevu, asilimia 50, nyuzi 70 za Fahrenheit. Mpira uliokauka ni mgumu na unaruka sana kwenye gongo, wenye unyevu unaruka kidogo, na vidole vinaushika vizuri zaidi. Tangu 2022 viwanja vyote 30 vina chumba hicho.

#5 Kigongo

Lugazi Kwetu, shukrani, na umenipa ushahidi wa hoja yangu. Rockies hawajawahi kuchukua World Series. Walifika 2007 tu, wakafagiwa na Boston, yaani walifungwa michezo yote. Mwaka 2025 wamemaliza 43-119. Mpigaji wao akizoea kuona mpira usiopinda kwa wiki nzima, akisafiri kwenda San Diego anakutana na slaida (mpira unaopinda ghafla mwishoni) inayovunjika kama kawaida, na macho hayajajirekebisha. Uwanja unamlemaza ugenini.

#6 Chaki

Kabla hatujafika mbali, tukubaliane jinsi ya kupima uwanja, maana naona kila mtu ana kipimo chake cha macho.

Njia ya msingi: chukua pointi zote zilizofungwa katika michezo ya nyumbani ya timu, za kwake na za wageni, gawa kwa idadi ya michezo. Fanya hivyo kwa michezo ya ugenini. Kisha gawa cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 100. Mfano wa kujifunzia: nyumbani michezo 81 imezaa pointi 810, ni 10 kwa mchezo. Ugenini 81 imezaa 729, ni 9. Kumi gawanya kwa tisa ni 1.11, yaani 111. Uwanja huo unaongeza pointi kwa asilimia 11.

Sasa wengi wanapokosea. Ukitaka kurekebisha takwimu za msimu mzima za mchezaji, usitumie 111, kwa sababu nusu ya michezo yake hakucheza hapo. Chukua wastani wa 111 na 100, ni 105.5. Ukitumia 111 unamnyima mpigaji haki mara mbili.

La pili, msimu mmoja hautoshi. Upepo, joto, paa kufungwa au kufunguliwa, vyote vinacheza na namba. Chukua misimu mitatu, na kama ukuta umesogezwa katikati ya hiyo mitatu, anza kuhesabu upya.

La tatu, tenganisha mpigaji wa mkono wa kushoto na wa kulia. Yankee Stadium kulia ni futi 314, kushoto 318, katikati 408. Ukisema "uwanja rahisi" bila kusema rahisi kwa nani, hujasema kitu. Na tenganisha homurani na pointi: Fenway, uwanja wa Boston, unatoa dabo nyingi sana, homurani sivyo.

#7 Mlinzi wa Tatu

Chaki amegusa Fenway, naomba nikae hapo kidogo, kwangu ndio uwanja bora kuliko wote.

Ulifunguliwa Aprili 1912. Ukuta wa kushoto una kimo cha futi 37 na inchi 2, na umeandikwa futi 310 kutoka besi ya nyumbani. Kulia kabisa, kwenye nguzo ya Pesky, ni 302 tu. Lakini ukitoka hapo kulia ukuta unakimbia nyuma haraka hadi kufika 380 mbele ya bulpeni (sehemu ya warushaji wa akiba), na kuna pembe ya futi 420 karibu na katikati. Hakuna mlinzi wa kulia mwenye kazi ngumu kama wa Fenway.

Ule ukuta wa kushoto, wa kijani, unafanya mambo mawili yanayopingana. Mpira wa juu sana, laini, ambao kwingine ni auti rahisi, unaangukia juu ya ukuta na kuwa homurani. Mpira mkali wa chini, ambao kwingine ungevuka, unagonga ukuta na kuwa dabo, na ukipigwa kwa nguvu kupita kiasi unamrudia mlinzi haraka na mpigaji anaishia besi ya kwanza. Kwa hiyo mlinzi wa kushoto hapimwi kwa mbio, anapimwa kwa kusoma mrejeo: asigeuke kuukimbilia ukuta, asimame hatua kadhaa mbele yake, auache urudi, auchukue kwa mkono mtupu, atupe besi ya pili kwa mzunguko mmoja. Mgeni anayekimbia mpaka ukutani anapishana na mpira unaorudi.

Tarehe 2 Oktoba 1978 Bucky Dent wa Yankees, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) asiyetisha kwa gongo, alipiga mpira wa juu ukavuka ukuta ule, Yankees wakashinda 5-4 na Boston wakakaa nyumbani. Huo ndio uwanja ulioamua nani aende kutafuta ubingwa, na Yankees waliuchukua mwaka ule.

#8 Mama Ubao

Safi kabisa, Mlinzi. Ila kwa Yankees wa sasa nawaambia mashabiki wao ukweli: msihangaike na kona fupi ya kulia, tazameni ulinzi. Mchezo wa tano wa World Series ya 2024, nyumbani kwao, wanaongoza 5-0, iningi ya tano. Judge kadondosha mpira rahisi katikati. Volpe katupa vibaya kwenda besi ya tatu. Betts wa Dodgers kapiga mpira wa chini kwa Rizzo, na mrushaji Cole hakukimbia kufunika besi ya kwanza. Ikawa 5-5, wakafungwa 7-6, taji likaenda Los Angeles.

Mrushaji kufunika besi ya kwanza ni zoezi la siku ya kwanza ya mazoezi ya Februari. Mpira ukipigwa upande wa kulia wa uwanja wa ndani, unakimbia kwanza, unatazama baadaye. Judge alipiga wastani wa .331 (karibu pigo moja kwa kila majaribio matatu) na homurani 53 mwaka 2025, bado timu haikufika fainali. Namba za gongo peke yake hazitoshi.

#9 Kijana wa Benchi

Wakuu, mimi mgeni kwenye mchezo huu, naomba kuuliza. Kwa nini viwanja havilingani vipimo? Kwenye soka kuna tofauti ndogo tu, huku naona mmoja ana futi 302 mwingine 350.

#10 Nguzo ya Faulo

Karibu sana, mdogo wangu. Kilichofungwa na kanuni ni uwanja wa ndani: futi 90 kati ya besi na besi, futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani. Hapo hakuna mjadala popote. Uwanja wa nje ulifuata kiwanja kilichopatikana. Fenway umebanwa na Lansdowne Street upande wa kushoto, barabara haikuweza kuhama, ndiyo ukuta ukapanda juu. Kanuni inayohusu viwanja vilivyojengwa baada ya Juni 1958 inataka angalau futi 325 pembeni na 400 katikati, lakini ruhusa maalumu zimetolewa mara nyingi. Oracle Park wa San Francisco, wa mwaka 2000, una 309 kulia kwa sababu nyuma yake ni maji ya ghuba.

Kwa watoto ni tofauti, pale Williamsport, kwenye mashindano ya dunia ya watoto (Little League), uzio wa Lamade Stadium uko futi 225 pande zote. Ndipo walipocheza vijana wa Lugazi, Uganda, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano yale.

#11 Lugazi Kwetu

Na walimfunga mwakilishi wa Oregon 3-2, tuliandike hilo pia.

#12 Mshale

Mtoa mada, nakuja kupinga hoja yako ya msingi. Umesema timu iliyojengwa kwa uwanja wake inakamatika Oktoba. Giants wa San Francisco walichukua 2010, 2012 na 2014. Uwanja wao una ukuta wa kulia wa futi 24, na kati ya kulia na katikati kulikuwa na futi 421 (tangu 2020 ni 415). Hewa ya ghuba ni baridi na nzito. Wakajua homurani hazitapatikana, wakajenga kwa warushaji, mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) na walinzi wenye miguu. Mataji matatu ndani ya miaka mitano.

Kansas City 2015 vilevile. Uwanja wao wa Kauffman ni mpana, wakaleta mbio na watu wasiokosa mpira. Mchezo wa kwanza wa World Series ile, mpira wa kwanza kabisa kwa Escobar wao, ukapita kati ya walinzi wa Mets wa New York, akazunguka besi zote nne. Na walimalizia kazi ugenini New York, kwa iningi 12.

Sasa hizo si timu zilizojengwa kwa uwanja wao?

#13 Kigongo

Mshale, hoja nzito, naipokea, na inanisaidia kuinyoosha ya kwangu. Tofauti iko katika kile uwanja unachokudai. Oracle na Kauffman vinadai urushaji, mbio na udakaji, na hivyo vinasafiri. Mlinzi mwenye miguu ana miguu hata New York. Uwanja unaodai mpira wa juu wa futi 330 upande mmoja unakupa mpigaji ambaye ugenini ni auti ya kudakwa. Kwa hiyo ninarekebisha: jihadhari na timu ambayo homurani zake nyingi zinategemea kona moja fupi.

Milwaukee ni mfano wa pili wa hatari. Waliongoza ligi nzima kwa ushindi 97 mwaka 2025, na msimu wa kawaida walikuwa wamewafunga Dodgers mara sita kwa sita. Fainali ya Ligi ya Taifa (moja ya ligi mbili za MLB) wakafungwa minne mfululizo, 2-1, 5-1, 3-1, 5-1. Pointi moja kila mchezo. Hapo uwanja haukuhusika, walikutana na warushaji wa kuanza wanne wa daraja la juu: Snell, Yamamoto, Glasnow, Ohtani. Mchezo wa nne Ohtani karusha, kawatoa 10 kwa straiki (mpira mzuri uliokoswa au kuachwa; tatu ni auti), na kapiga homurani tatu yeye mwenyewe.

#14 Chaki

Hapo sasa tumefika kwenye wagombea wenyewe. Msimu wa kawaida unahitaji warushaji wa kuanza watano na kina cha bulpeni, kwa sababu unacheza karibu kila siku. Kwenye mtoano kuna siku za mapumziko, wa tano hana kazi, wa nne anarusha mara moja. Kwa hiyo unapolinganisha timu, usitazame wastani wa warushaji wote. Andika majina matatu ya juu ya kila timu, uone straikauti zao (wanaowatoa kwa straiki) kwa kila mpigaji wanayekutana naye. Halafu tazama nani anawatoa watu watatu wa mwisho.

Na utaratibu wa mtoano wenyewe unapunguza au kuongeza mzigo. Timu 12, sita kila ligi. Mabingwa wawili bora wa kanda wanaruka raundi ya kwanza. Wengine wanacheza bora ya tatu (anayetangulia kushinda miwili anapita), yote kwa timu iliyopangwa nafasi ya juu. Kisha bora ya tano, kisha saba, kisha saba. Timu inayoanzia raundi ya kwanza inafika ya pili warushaji wake wawili wakiwa wametumika. Dodgers wa 2025 walianzia huko chini na bado wakapita, lakini tazama bei waliyolipa: Yamamoto alirusha mipira 96 mchezo wa sita, kesho yake akarudi na 34 zaidi. Mpango wa namna hiyo hauwezi kuandikwa Machi, msimu unapoanza.

Kwa msimu wa 2026 Dodgers wamemleta Edwin Díaz kwa iningi ya tisa, sehemu waliyoyumba zaidi, na Kyle Tucker kwa gongo. Toronto wamemleta Dylan Cease lakini wamempoteza Bichette. Toronto walikuwa timu iliyotolewa kwa straiki mara chache kuliko zote 2025, na tabia hiyo inasafiri, kama mtoa mada anavyosema. Kwangu ni hao wawili mbele.

#15 Mlinzi wa Tatu

Nawatetea Mariners. Ndiyo timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kufika World Series, na 2025 walibakiza auti nane tu. Mchezo wa saba wa fainali ya Ligi ya Marekani, Toronto, wanaongoza 3-1, iningi ya saba, Springer wa Toronto kapiga homurani ya pointi tatu. 4-3.

T-Mobile Park, uwanja wao, kwa miaka ya karibuni ndio uwanja mgumu kuliko yote kwa wapigaji. Hewa ya bahari ni baridi, mpira haufiki. Sasa mfikirie mdakaji anayechuchumaa usiku kucha katika uwanja huo halafu anapiga homurani 60 msimu mmoja. Cal Raleigh alifanya hivyo. Ukimrekebisha kwa hesabu ya Chaki, ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Kwa upande wa pili, warushaji wao wanasaidiwa na uwanja, na hapo ndipo pa kuchunguza: tazameni namba zao za ugenini kabla ya kuwatabiria.

#16 Mama Ubao

Mlinzi, ongeza na hili: walishinda miwili ya kwanza Toronto, wakarudi kwao wakafungwa miwili. Uwanja mgumu kwa wapigaji ni mgumu kwa wapigaji wako pia.

Mchezo wa saba wa World Series ya 2025, Toronto na Dodgers, nao una funzo kwa makocha. Iningi ya tisa, 4-4, besi zimejaa, auti moja, Toronto wanahitaji pointi moja wawe mabingwa. Kiner-Falefa yuko ya tatu, kasimama karibu mno na besi. Varsho kapiga chini kwa Rojas, Rojas kayumba, katupa nyumbani, auti kwa tofauti ya unyayo. Hatua moja zaidi mbele na taji lilikuwa Kanada. Usiku uliotangulia Barger alinaswa kwa kwenda mbali, usiku huu mwingine kachelewa kwa kukaa karibu. Kipimo cha hatua kwenye besi ya tatu hakitokani na uwanja, kinatokana na mpira wa aina gani mrushaji anatoa na mlinzi wa ndani kasimama wapi.

#17 Mshale

Kwa wanaouliza uwanja unaobadilishwa kwa makusudi unatokeaje, someni Camden Yards, uwanja wa Orioles. Ulifunguliwa 1992 Baltimore, ghala la zamani la reli likiwa nyuma ya upande wa kulia, na viwanja vingi vilivyofuata viliiga matofali yake. Kushoto kulikuwa rahisi mno. Kabla ya 2022 wakasogeza ukuta nyuma kwa hadi futi 26 na nusu, na kimo kikatoka futi 7 hadi 13. Warushaji wakapumua, lakini wapigaji wa mkono wa kulia wakaanza kuukwepa upande wao wa nguvu, na ukuta ulikuwa na kona kali iliyoteguka karibu na bulpeni. Kabla ya 2025 wakaurudisha mbele sehemu kubwa. Sasa wana Pete Alonso, mpigaji wa kulia mwenye nguvu. Angesajiliwa 2023 ningesema wamekosea, kwa ukuta wa leo wamefanya jambo la maana.

#18 Lugazi Kwetu

Kwa uzuri wa kutazama, hakuna anayeifikia PNC Park ya Pittsburgh. Viti kama 38,700 tu, mto Allegheny nyuma ya ukuta wa kulia, daraja la Clemente na majengo ya mji mbele ya macho. Ukuta wa kulia ni futi 21, kwa jezi namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wao wa zamani. Na hapohapo tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, na pigo lake la kwanza lilikuwa besi moja dhidi ya mrushaji Jon Lester. Timu yenyewe sina la kuitetea kwenye ubingwa.

#19 Kijana wa Benchi

Nashukuru wakuu, nimejifunza mengi. Swali la mwisho: natazamaje moja kwa moja bila kukesha kila siku? Niko Dar.

#20 Nguzo ya Faulo

Rahisi. Wakati wa kiangazi cha Marekani, New York iko nyuma yetu kwa saa saba, Chicago nane, Los Angeles kumi. World Series ikianza saa mbili usiku ya New York, kwako ni saa tisa usiku. Mchezo wa kawaida wa Dodgers wa saa moja na dakika kumi jioni kwao, kwako ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, unaupata kabla ya kazi. Muscat ongeza saa moja. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi toa saa moja.

Kwa anayeanza, tafuta michezo ya mchana ya Wrigley. Taa waliweka 1988 tu, na mpaka leo wanacheza mchana kuliko timu nyingine yoyote. Saa saba na dakika ishirini mchana ya Chicago ni saa tatu na dakika ishirini usiku ya Dar. Kabla mrushaji hajaanza, tazama bendera juu ya ubao wa matokeo katikati. Zikielekea ndani ya uwanja, tegemea mchezo wa pointi chache na mipira ya chini. Zikielekea nje, hesabu warushaji wa akiba waliopumzika siku mbili zilizopita, kwa sababu watahitajika mapema, kuanzia iningi ya tano.

#21 Kigongo

Mpangilio wangu mpya baada ya hoja zenu: Dodgers, Blue Jays, Mariners, Cubs, Phillies. Yankees nimewatoa mpaka nione ulinzi wao. Phillies nawabakiza ingawa walitolewa na Dodgers kwa kosa moja la kutupa nyumbani iningi ya 11, maana urushaji wao wa kuanza unatosha kwa mtoano. Chaki, ligi ikifika Juni tuletee vipimo vya viwanja vya misimu mitatu. Athletics waliohamia Sacramento kwa muda waweke pembeni, na Rays pia, kwani 2025 walichezea uwanja wa Tampa uliojengwa kwa mazoezi. Namba za viwanja hivyo hazina umri wa kutosha kulinganishwa na nyingine.